Daftari la Nguo Zilizoungua

Bi Mkunjo alikuwa na majivuno ya aina moja tu, na kwa kuwa yalikuwa ya aina moja, aliyatumia sana. Kila alipomwona mtu ameshika pasi alisema kwamba yeye alipiga pasi miaka ishirini katika kiwanda cha kufulia, mashuka ya hospitali na vitambaa vya meza vya hoteli, na hakuwahi kuunguza hata leso. Neno hilo alilisema harusini, alilisema kwenye foleni ya maji, na siku moja alimwambia daktari aliyekuwa anampima presha, ambaye hakuwa amemuuliza. Jina la Bi Mkunjo alipewa na wenzake wa kiwandani, kwa sababu akiona mkunjo kwenye nguo hatulii, hata kama mwenye nguo kaivaa. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kadi ya pensheni. Au tuseme lilitakiwa kuwa kwenye kadi ya pensheni, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo.

Alipotimiza miaka sitini alivaa gauni lake la kutokea, akalipiga pasi mara mbili, akaenda ofisi ya mfuko wa pensheni akifuatana na mtoto wa dada yake. Huyu mtoto wa dada alikuwa mtu mzima, mwalimu wa shule ya msingi, na watu wa mtaani walimwita Mwalimu. Bi Mkunjo alimlea tangu akiwa na miaka tisa, na sasa yeye ndiye aliyekuwa akiishi kwa Mwalimu, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalofungukia bafuni.

Ofisini walikaa kwenye benchi refu pamoja na wazee wengine, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba. Kioo cha karani kilikuwa na tundu la kuzungumzia lililotobolewa chini mno, hata ikabidi kila anayedai haki yake ainame. Karani alikuwa kijana mpole. Mkono wa kushoto wa shati lake ulikuwa na mistari miwili ya pasi badala ya mmoja, na Bi Mkunjo ilimlazimu kutazama pembeni ili asiuguse.

"Mama," karani alisema, "una miaka tisa ya kuchangia. Sheria inataka kumi na tano."

"Nina ishirini."

"Kwenye kompyuta una tisa."

Bi Mkunjo aliinama zaidi kwenye lile tundu, kama mtu anayenong'onezea ukuta. "Hiyo mingine kumi na moja iko kwa dada yangu."

"Basi aje mwenyewe."

"Hawezi kuja. Amefariki miaka thelathini iliyopita."

Karani aligonga vitufe vyake, akasoma, akakuna kichwa. "Mama, huyu marehemu amechanga kila mwezi kwa miaka tisa baada ya kufa. Hatujawahi kupata mwanachama mwaminifu kama huyu."

Wazee wawili kwenye benchi walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimgeukia mama yake mdogo na kumtazama kama anavyowatazama wanafunzi wake daftari linapokutwa na mwandiko wa mtu mwingine.

Sasa, kabla hujamwita Bi Mkunjo mwongo, ujue ilivyokuwa.

Kabla sheria ya pensheni haijafika, wapiga pasi walikuwa na kopo. Lilikuwa kopo la wanga wa kukazia nguo, limetobolewa juu, na kila Jumamosi kila mmoja alidondosha chake. Mtunza kopo alikuwa dada yake Bi Mkunjo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye meza yake ilikuwa namba thelathini na nane. Kopo lilizika watu na lilipeleka watoto hospitali. Lakini mwanamke wa meza ya kwanza alipozeeka, mikono ikaanza kumtetemeka, wenzake walimpigia pasi mashuka yake kwa siri mwaka mzima, mpaka siku alipoanguka na kushindwa kurudi kazini. Kopo lilimlisha miezi mitatu, likabaki tupu. Baada ya hapo mwanamke yule alikuwa anakuja kukaa nje ya geti wakati wa kutoka kazini. Hakuomba kitu. Alikaa tu, na wenzake wakawa wanatoka kwa mlango wa nyuma kwa aibu.

Aibu hiyo ilimuuma dada. Kwa hiyo mtu wa serikali alipokuja uani, akapanda juu ya kasha la sabuni, akaeleza kwamba kila mwezi watakatwa kidogo, mwajiri ataongeza kiasi kama hicho, na mtu akifika sitini atalipwa kila mwezi mpaka aingie kaburini, yeye peke yake ndiye aliyesikiliza. Wengine walikuwa wameshaahidiwa mengi na watu waliosimama juu ya makasha.

"Na nikifa na hamsini na tisa?" mmoja aliuliza, na uwanja mzima ukacheka.

Dada aliweka kopo lake chini, akaenda kutia saini wa kwanza. Aliporudi aliwaambia wenzake, "Shida yetu si kuchanga. Kuchanga tunajua. Shida ni uchache. Tuko arobaini hapa. Akizeeka mmoja tunamlisha, tukizeeka kumi tumekwisha. Kopo hili linazika watu, halilishi watu. Huyu bwana anataka nchi nzima ichange kwenye kopo moja. Mimi naona anasema kweli."

Siku ile wote arobaini walitia saini, na wasiojua kuandika walibonyeza dole gumba. Mimi huwa nasikia watu wakisema sheria zile zililetwa na wakubwa waliovaa suti. Huenda. Lakini kwenye kiwanda kile zililetwa na mwanamke mwenye kopo.

Mwaka uliofuata dada akaugua. Na kiwandani msemo ulikuwa mmoja, asiyekuwepo na lake halipo. Ukikosa kazi bila karatasi, siku ya pili meza yako ina mtu, maana wanawake wa kutafuta kazi walijaa getini tangu alfajiri. Wapiga pasi walikuwa na dawa yao, waliyoiita kushikiana pasi. Ukiugua, anakuja ndugu yako anasimama kwenye meza yako kwa namba yako, na ofisi inayolipa namba haijui sura. Hakuna aliyeona ni udanganyifu. Ilikuwa kama kumwazima jirani ndoo. Bi Mkunjo, wakati huo kijana wa miaka ishirini na nane, alikwenda kushika pasi ya dada kwa wiki mbili. Wiki mbili zikazaa mwaka, mwaka ukazaa wa pili, dada akafariki, na huku kuna mtoto wa miaka tisa anayetaka kula na kusoma. Pasi ile hakuiachia. Ilipopita miaka kumi na moja ndipo alipokuja meneja mpya akitaka kila mtu apigwe picha, na Bi Mkunjo akaandikishwa upya kwa jina lake kama mtu aliyeingia jana.

Hayo yote alimweleza karani kupitia lile tundu. Karani alisikiliza mpaka mwisho, na nitamsifu kwa hilo.

"Mama, mimi nakuamini," alisema. "Lakini maneno ya mdomo hatupokei. Lete kitu kilichoandikwa wakati ule ule, kinachoonyesha kwamba aliyesimama pale ni wewe. Kisipopatikana, miaka hiyo itabaki ya marehemu."

Walirudi nyumbani. Mtu angeweza kusema, kwani kuna ubaya gani? Mwalimu alikuwa na mshahara wake, alimpenda mama yake mdogo, wala hakuwahi kumhesabia sahani. Lakini Bi Mkunjo alikuwa na jambo lake la sabuni. Mama yao, yeye na dada, alizeeka bila kitu, watoto wakawa wanampokea kwa zamu, miezi minne huku, miezi minne kule, na kifurushi chake mkononi. Hakuna aliyemtesa. Ila kila nyumba aliyofika, asubuhi akitaka kuoga, ilimbidi asimame mlangoni kwa mtoto wake wa kumzaa na kusema, "Mwanangu, naomba kipande cha sabuni." Bi Mkunjo alimpa kila mara, tena kwa furaha, na kila mara aliona uso wa mama unavyoinama. Akaapa kwamba yeye akizeeka ataogea sabuni yake. Mwalimu alikijua kisa hicho kwa moyo, maana alikisikia karibu mara nyingi kama kile cha leso.

Kulikuwa na kisa kingine ambacho hawakuwahi kukizungumza. Asubuhi dada alipofariki, Mwalimu akiwa mtoto, alisimama mlangoni akamwona mama yake mdogo anafunga kilemba, anachukua kikapu, anatoka kwenda kazini. Mama yake alikuwa amelazwa chumbani amefunikwa shuka. Majirani walikuwa wanaingia. Na mama mdogo akarudi jioni, kama siku nyingine yoyote. Mwalimu hakuwahi kuuliza kwa nini. Alikua na swali hilo, akampenda mama mdogo nalo, kama mtu anayetembea na kokoto kwenye kiatu mpaka akazoea.

Ilikuwa siku ya tatu ndipo Bi Mkunjo alipomkumbuka Kengele.

Kengele alikuwa msimamizi wa chumba cha pasi. Jina hilo alipewa kwa sauti yake, na sauti ile ilimfaa kwa sababu kazi yake kubwa ilikuwa kugombeza. Kila nguo iliyoungua aliiandika kwenye daftari jeusi. Ofisi ilitaka namba tu. Kengele, kwa kuwa alijua habari za kushikiana pasi na hakutaka kumgombeza asiyehusika, aliandika pia ni mkono wa nani. Kama kulikuwa na maandishi yoyote duniani kuhusu nani alisimama kwenye meza ya thelathini na nane, yalikuwa mle.

Tatizo mnaliona. Mtu ambaye hakuwahi kuunguza hata leso atafuata nini kwenye daftari la nguo zilizoungua?

Alikwenda hivyo hivyo. Kengele alikuwa na miaka themanini na mitano, anaishi peke yake katika chumba kimoja safi, anakula pensheni yake na kuwagombeza wauza mkaa wanaopita. Alimkaribisha Bi Mkunjo bila kusimama, akamsikiliza, akavuta sanduku kutoka chini ya kitanda.

"Kiwanda kilipofungwa kila mtu alibeba kitu," alisema. "Wengine walibeba pasi. Mimi nilibeba daftari, maana nawajua watu." Alilipapasa jalada. "Nasikia mjini kote unasema hukuwahi kuunguza."

"Nimesema, mama."

"Humu una makosa thelathini na moja. Basi chagua. Uwe hodari au ulipwe."

"Nilipwe," alisema Bi Mkunjo.

"Na mimi nitakuja. Mwandiko wangu hawatajua kuusoma."

"Watakuuliza kwa nini ulinyamaza miaka yote ile. Wanaweza kukusumbua."

"Wanifunge basi, wanilishe," Kengele alisema, akaanza kutafuta viatu vyake.

Kesho yake walikuwa watatu mbele ya kioo. Karani alilifungua daftari kwa heshima, akaweka pembeni cheti cha kifo cha dada alicholeta Mwalimu, akasema itabidi ajaze kila tukio kwenye fomu, tarehe na kitu, na kwamba ataisoma kwa sauti ili wathibitishe. Bi Mkunjo aliangalia nyuma. Benchi lilikuwa limejaa.

"Namba thelathini na nane, yule mdogo," karani alisoma, Kengele akimsaidia pale mwandiko ulipomshinda. "Yule mdogo ni nani?"

"Ni mimi."

"Foronya moja, pembeni."

"Ndiyo."

"Shuka moja, katikati."

"Pasi zenyewe zilikuwa mbovu," alisema Bi Mkunjo.

"Pasi zilikuwa nzima," alisema Kengele.

Iliendelea hivyo. Kitambaa cha meza. Foronya mbili. Koti la daktari, mfukoni. Wazee kwenye benchi walianza kusogea mbele ili wasikose kitu, na mmoja mwenye fimbo akawa anahesabu kwa vidole. Mwalimu alijitahidi, lakini karani aliposoma, "Leso moja, ya hoteli," alishindwa kujizuia.

"Hata leso, mama mdogo?"

"Nyamaza."

Kila mwaka ulikuwa na angalau kosa moja, isipokuwa mwaka wa saba. Karani alifunua mbele na nyuma. "Mwaka huu hakuna kitu."

"Mwaka huo sikuunguza," Bi Mkunjo alisema, akanyoosha mgongo.

"Basi samahani, mama. Mwaka huo sina ushahidi kwamba ulikuwepo."

Benchi zima lilicheka, na Bi Mkunjo, kwa kweli, alicheka pia. Umahiri wake wa mwaka mzima ulikuwa umeliwa hivyo. Lakini miaka kumi ilikuwa bado imo, na ukiijumlisha na ile tisa ya kompyuta, ilitosha.

"Kuna hili moja nililiruka," karani alisema, akirudi kurasa za mwanzo. "Mwaka wa pili. Tarehe kumi na saba, mwezi wa nane. Mashuka manne. Siku moja, mashuka manne? Wewe huunguzi zaidi ya nguo tatu kwa mwaka."

Karani aliinua macho, akaona Mwalimu anakitazama cheti cha kifo pale mezani. Akakitazama na yeye. Tarehe ilikuwa ile ile.

"Siku hiyo ulikuwa kazini?" aliuliza, safari hii taratibu.

"Nilikuwa kazini."

"Siku aliyofariki dada yako."

Bi Mkunjo alishika ukingo wa dirisha. Hakuwa anamjibu karani tena, ingawa bado alikuwa ameinama kwenye tundu lake.

"Ruhusa ya msiba ilitaka cheti," alisema. "Kukosa bila cheti ni kufukuzwa. Na jina kwenye cheti ndilo lilikuwa jina langu la kazini. Ningekwenda kumwonyesha meneja kwamba nimekufa. Kuna mtoto nyumbani, dada kaniachia, na pasi ile ndiyo chakula chake. Nikafunga kilemba nikaenda. Nilikuwa sioni mashuka. Nilikuwa naona maji tu."

Mzee mwenye fimbo aliacha kuhesabu. Mwalimu alisogea akamshika mama yake mdogo mkono, ule wa kulia, wenye kovu la pasi kwenye kifundo. Alilia bila sauti, kama mtoto aliyechelewa kulia miaka thelathini. "Nilidhani hukujali," alisema. "Nilikuona mlangoni nikadhani hukujali."

"Najua ulivyodhani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesemaje shuleni, mwanangu? Ulikuwa na miaka tisa. Siri ile ungeibeba vipi?"

Kengele alikuwa amesimama nyuma yao, anachezea kamba ya mkoba wake. Alikohoa. "Niliandika manne," alisema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti yake haikufika upande wa pili wa chumba. "Yalikuwa tisa. Yale matano nilikata vitambaa vya kufutia meza."

Karani alikusanya daftari, cheti na fomu, akaingia kwa mkubwa wake. Alikaa huko muda wa kutosha kwa watu watatu kujifuta macho. Alipotoka alisema mkubwa ameusoma ule ukurasa wa tarehe kumi na saba mara mbili, na amesema mtu hawezi kuunguza mashuka siku aliyokufa. Miaka kumi itahamishwa. Kadi mpya itatoka kwa jina lake mwenyewe, na jina la dada litafungwa kwenye kitabu kwa tarehe yake ya kweli, apumzike.

"Kuna jambo moja bado," alisema Bi Mkunjo.

"Sema, mama."

"Shati lako. Mkono wa kushoto una mistari miwili. Ukipiga pasi, ulaze mshono kwanza."

Pensheni ya kwanza haikuwa nyingi, na sitaki kuwadanganya kwamba alinunua ng'ombe. Alinunua mche mmoja mrefu wa sabuni. Aliukata vipande kwa uzi, kama walivyokata kiwandani, akavipanga dirishani kwake vikauke, viwe vigumu, visiishe haraka. Kipande kimoja alikifunga kwenye karatasi kwa ajili ya Kengele, ambaye alikipokea na kusema kimekatwa upande.

Asubuhi iliyofuata, Mwalimu alikuwa na sabuni yake bafuni, tena ya kunukia. Aliiacha pale pale. Alizunguka na taulo begani mpaka mlango wa chumba cha nyuma, akabisha hodi, akasubiri aambiwe apite.

"Mama mdogo," alisema, "naomba kipande cha sabuni."

Bi Mkunjo hakuharakisha. Alivitazama vipande vyote vilivyo dirishani, akachagua kikubwa kuliko vyote, akampa.